Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Julai 1991, ndani ya msitu wa milima ya Udzungwa. Watafiti wa ndege kutoka Denmark wako kambini, na wenyeji wanaofanya nao kazi wamepika kitoweo cha nyama inayofanana na ya kuku. Ndani ya sufuria ikaonekana jozi ya miguu. Wale watafiti walikuwa watu wa kuangalia miguu ya ndege maisha yao yote, na ile haikuwa ya kuku, wala ya kanga, wala ya kwale yeyote waliyemfahamu.

Hiyo ndiyo hadithi. Ukifuatilia habari za ndege wa Tanzania hutakosa kukutana nayo, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Mimi nami niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa maktabani, mwaka wangu wa pili chuoni Dar es Salaam, natafuta kitu kingine kabisa kuhusu historia ya Iringa. Nikacheka peke yangu mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Halafu kicheko kikakatika, maana lilinijia swali ambalo mpaka leo sijaachana nalo: na yule aliyemtia ndege sufuriani, yeye alikuwa haoni nini?

Kwanza tumjue ndege mwenyewe. Watafiti walimfuatilia msituni, wakamwona akiwa hai, wakapata vielelezo. Mwaka 1994 watu watano, yaani Lars Dinesen, Thomas Lehmberg, Jens Otto Svendsen, Louis Hansen na Jon Fjeldså, wakachapisha maelezo yake katika jarida la Ibis la Uingereza. Haikuwa spishi mpya tu. Ilibidi watengeneze na jenasi mpya, maana hakukuwa na ukoo wa kumweka. Wakamwita Xenoperdix udzungwensis. Perdix ni kwale. Xenos ni neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni, mtu wa kuja. Kwa hiyo ukilifasiri jina lote kwa Kiswahili unapata “kwale mgeni wa Udzungwa.”

Ana urefu wa karibu sentimita 29. Mgongo wake ni wa kahawia yenye michirizi, kifua ni kijivu chenye madoa meusi, uso una rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya manjano. Hutembea katika vikundi vidogo chini ya miti, akifukua majani makavu na kuokota wadudu na mbegu. Anaishi katika misitu ya juu ya Ndundulu na Nyumbanitu, na sehemu za karibu yake, basi. Duniani pote hakuna kwingine, ukiondoa ndugu yake wa Rubeho ambaye nitamfikia baadaye.

Na jina la “mgeni” lina sababu yake. Afrika ina kwale wengi, lakini huyu hana undugu wa karibu nao. Ndugu zake wako Asia, ni kwale wa milimani wa huko, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulithibitisha hivyo. Wanasayansi wanaeleza kwamba mamilioni ya miaka iliyopita misitu ya Afrika na ya Asia iliwahi kukaribiana kwa njia ya Arabia. Ndege wakapita. Baadaye nchi ikakauka katikati, misitu ikarudi nyuma, na waliobaki huku wakabaki juu ya milima ambako mvua ya Bahari ya Hindi haikukoma. Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya mpaka Udzungwa, lilikuwa kama safu ya visiwa katikati ya nchi kavu. Kwale wetu ni masalia ya msafara huo. Ni mgeni aliyefika kabla ya mwenyeji yeyote: kabla ya Wahehe, kabla ya Wabena, kabla ya binadamu mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Magazeti yetu yana kawaida ya kuandika “spishi mpya yagunduliwa.” Ni sentensi fupi, na kila neno lake lina shida kidogo. Mpya kwa nani? Imegunduliwa na nani? Katika Kiswahili tunayo maneno mengine: kuona, kujua, kutambua, kuvumbua. Aliyetega yule ndege alimwona, na bila shaka alimjua, kwa sababu huwezi kumtega ndege usiyejua njia yake. Aliyeangalia miguu sufuriani hakumwona kwanza yeye. Alichofanya ni kutambua kwamba ndege huyu hayumo vitabuni. Ni kazi kubwa, siidharau hata kidogo. Ili ujue kitu hakimo kitabuni ni lazima uwe umevisoma vitabu vyote. Lakini ni kazi ya aina nyingine, na katika simulizi zetu kazi ya kwanza imemezwa na ya pili. Majina ya waandishi watano yapo. Simulizi inayozunguka haimtaji mtegaji, haimtaji mpishi.

Nilidhani ni jambo la Udzungwa peke yake, mpaka nikakutana na habari za tausi wa Kongo.

Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alikuwa Avakubi, katika nchi ya Ituri, akikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya New York. Siku moja akaona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji mmoja. Ulikuwa wa rangi ya kutu wenye mistari meusi, na Chapin, ambaye alijua ndege wa Kongo kuliko karibu mtu yeyote wa taaluma yake, hakuweza kusema ni wa ndege gani. Akauchukua, akaenda nao Marekani, akakaa nao zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1936 akiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliojazwa, wamewekwa juu ya kabati, wamesahaulika. Lebo ilisema ni tausi wa India wachanga. Chapin akautambua unyoya wake. Mwaka huohuo akachapisha jina: Afropavo congensis, tausi wa Afrika. Mwaka 1937 akarudi Kongo, na safari hii akawapata ndege wenyewe.

Angalia jinsi habari hizi mbili zinavyofanana. Huku miguu sufuriani, kule unyoya kofiani. Huku ndege wa jamii ya kuku mwenye ndugu Asia, kule vilevile, maana ndugu wa karibu wa tausi yule ni tausi wa Asia. Na katika zote mbili yule mwenye sufuria na yule mwenye kofia wanapita mara moja kwenye simulizi, wanaacha ushahidi, wanaondoka. Chapin hakupewa unyoya ule na msitu. Ulikuwa tayari umeshachaguliwa na mtu, umesafishwa, umepachikwa mahali pa heshima kichwani. Mtu huyo alikuwa na maoni yake juu ya ndege yule. Alimwona mzuri.

Yupo hata hivyo Mwafrika mmoja ambaye jina lake liliingia vitabuni, na habari zake zinanigusa kuliko hizi mbili. Jali Makawa alikuwa mkusanyaji wa ndege aliyefanya kazi miaka mingi na Constantine Benson, afisa wa Kiingereza aliyeandika sana juu ya ndege wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Makawa ndiye aliyeingia porini, akasikiliza, akamjua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Mwaka 1945, juu ya mlima Njesi kaskazini mwa Msumbiji, alimpata ndege mdogo mwenye mdomo mrefu ambaye mpaka wakati ule alijulikana Amani tu, kule Usambara. Baada ya hapo ulimwengu wa wataalamu haukumwona tena ndege yule pale Njesi mpaka mwaka 2001.

Mwaka 1964, mahali paitwapo Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, Makawa alipata kandege kengine kadogo, kenye kifua cheupe, ambako hakakufanana na wengine. Mwaka uliofuata Benson na mwenzake Michael Irwin wakakapa jina kwa heshima yake: Pogoniulus makawai. Ni jambo la nadra sana kwa enzi zile, mkusanyaji Mwafrika kupewa spishi nzima.

Ila tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyekaona. Watu wamekwenda Mayau mara nyingi, wametafuta, wamerudi mikono mitupu. Kimebaki kielelezo kimoja tu. Na vinasaba vyake vilipochunguzwa miaka ya karibuni, vilionyesha kwamba huenda hakikuwa spishi bali ni ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi tofauti. Basi ukitaka kujua jinsi historia inavyoweza kumchezea mtu, fikiria hilo: ndege chungu nzima aliowapata Makawa wana majina ya watu wengine, na yule mmoja aliyepewa jina lake yawezekana hakuwahi kuwa spishi.

Mpaka hapa ungeweza kudhani makala hii ni malalamiko ya kawaida: wao wamechukua, sisi tumesahauliwa. Kwa muda mrefu nami niliishia hapohapo. Kilichonitoa ni babu yangu.

Babu mzaa mama aliishi kijiji kimoja cha Kilolo, upande ule ambao mashamba yanaishia na msitu unaanzia bila kitu katikati. Likizo ya mwaka ule niliyosoma habari ya sufuria nilikwenda kumsalimia, na kwenye begi nilikuwa na fotokopi ya mchoro wa yule kwale. Fotokopi yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, na si nzuri. Mashine ilikuwa imeishiwa wino upande mmoja.

“Kamwene, babu.”

“Kamwene, mjukuu wangu. Umekonda. Chuo hawawapi chakula?”

Tulipomaliza kula nikaitoa karatasi. Akaishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

“Huyu wa juu,” akasema.

“Wa juu wapi, babu?”

“Msitu wa juu. Wa shambani ni mwingine, anapiga kelele asubuhi. Huyu hatoki gizani. Na usiku halali chini, anapanda mtini.” Akaigeuza karatasi kama vile upande wa pili kuna kitu. “Mbona wamemnyima rangi? Miguu yake ni ya manjano. Na mdomo mwekundu, kama amekula kitu.”

Nilikaa kimya. Kwenye fotokopi ile hapakuwa na rangi yoyote.

“Nani amekupa habari zake?”

“Nimesoma kitabuni, babu. Wazungu walimgundua mwaka 1991.”

Babu akafikiri kidogo. Kisha akauliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kuelewa: “Kwani alikuwa amepotea?”

Nadhani ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa makala nzuri ya kumpendeza kila mtu. Lakini mazungumzo hayakuishia hapo. Nikamuuliza kama aliwahi kumla.

“Nilimtega,” akasema. “Ukitega utakula.” Akanieleza namna ya kutega. Unapanga vijiti vifupi kama ua, urefu wa goti, unaupeleka mbali kando ya njia yao. Ndege wa chini hapendi kuruka ua. Anatembea pembeni yake akitafuta mlango. Unamwachia mlango. Mlangoni unaweka kitanzi. Wanakwenda kwa kundi, kwa hiyo ukiwa na milango mitano asubuhi unaweza kukuta watatu. “Zamani tulitumia kamba ya magome. Ukisahau mtego wako, mvua inauozesha, ndege anapita. Vijana siku hizi wanatumia waya. Waya hauozi. Unaweza kusahau mtego, ukafa wewe, na mtego ukaendelea kukamata.”

Alisema hilo kwa utulivu kabisa. Hakuwa akijisifu wala kutubu.

Hapo ndipo shujaa wangu alipopata ugumu. Nilikuwa nimemfanya mtegaji wa kwenye sufuria kuwa mwanasayansi aliyedhulumiwa, na kwa sehemu ni kweli: ujuzi wa babu juu ya tabia ya ndege yule ulikuwa ujuzi hasa, wa kuangalia na kulinganisha. Lakini ujuzi uleule ndio hatari kubwa kwa ndege mwenyewe. Ndege wa chini anayeishi katika misitu michache ya milima, asiyependa kuruka, anayetembea kwa kundi: mtego wa ua umetengenezwa kana kwamba kwa ajili yake. Wataalamu wa uhifadhi wamemweka katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na mitego ni sababu mojawapo.

Na si haki kumsimanga babu kwa hilo pia. Uhehe ni nchi ambayo simulizi zake za utawala zinaanza na mwindaji. Mufwimi, babu wa ukoo wa Muyinga uliomzaa Mkwawa, jina lake lenyewe maana yake ni mwindaji. Wanasema alikuja akifuata wanyama, akagawa nyama kwa wenyeji, akaoa binti wa mtemi. Kuwinda hakukuwa uhalifu. Kulikuwa njia ya mgeni kukaribishwa. Kilichobadilika ni sheria, na waya, na ukubwa wa msitu uliobaki. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya habari ya sufuria, ikiwa na kilomita za mraba 1,990. Baadaye, mwaka 2007, misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu ikaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero. Mimi ni mmoja wa wanaofurahi kwamba ilifanyika hivyo. Mpaka ukichorwa, hata hivyo, ujuzi wa upande wa huku wa mpaka unageuka kuwa ushahidi wa kosa.

Jambo hili lilinichukua miaka kulielewa. Nilikuwa naona kutotajwa kwa mtegaji kuwa ni dharau. Huenda ni dharau. Ila fikiria mtu aandike leo: fulani bin fulani, wa kijiji fulani, anajua njia zote za kwale wa Udzungwa, na hivi ndivyo alivyojua. Hapo humheshimu. Unamshtaki. Mtafiti naye anamkamata ndege, anamuua ikibidi, anamjaza pamba. Lakini yeye ana kibali, ana karatasi, na ile karatasi ndiyo inayogeuza kitendo kimoja kuwa sayansi na kingine kuwa ujangili. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nimemwita babu “babu” tangu mwanzo na sikukutajia jina lake wala la kijiji chake. Nilitaka kulaumu historia kwa kuficha jina, nikajikuta na mimi nalificha.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kawaida tunaitumia methali hii kwa mtu aliyehamia mahali, kwamba atajulikana tu kuwa ni wa kuja. Lakini kila nikifikiri habari za kwale mgeni wetu naiona kamba ile mara mbili. Kuna kitanzi cha babu, mlangoni mwa ua wa vijiti. Na kuna uzi wa makumbusho: kielelezo cha ndege hufungwa mguuni kilebo chenye tarehe, mahali alipopatikana, na jina la aliyempata. Kamba ya kwanza inajua ndege anapita wapi. Ya pili inajua ndege ni nani. Kwa miaka yote hii hazijawahi kufungwa pamoja.

Au tuseme hazikuwahi mpaka karibuni, maana zipo dalili. Mwaka 2003 Jon Fjeldså, mmoja wa wale watano, alichapisha habari za kwale wa jamii hiyohiyo kutoka msitu wa Mafwemiro, milima ya Rubeho, kaskazini ng'ambo ya Ruaha Mkuu. Safari hii mwandishi mwenzake alikuwa Mtanzania, Jacob Kiure. Miaka miwili baadaye ikatolewa hoja kwamba wale wa Rubeho ni spishi ya pekee. Ni majina mawili tu kwenye karatasi, lakini mimi niliyasoma mara kadhaa.

Na kuna kipunji. Wawindaji wa nyanda za juu kusini walikuwa wakimtaja nyani huyu, na mwanzoni watafiti walidhani ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 akaonekana Rungwe, na mwaka 2004, watu wengine wasiojua habari za Rungwe wakamwona Ndundulu, msitu uleule wa kwale. Alipopewa jina la kisayansi, neno la wenyeji liliachwa ndani yake: kipunji. Hakuna jina la mtu mmoja pale, hakuna wa kukamatwa. Lugha nzima imetajwa kuwa shahidi. Nadhani hiyo ni njia mojawapo nzuri ya kutoka katika mkwamo huu, maana jina la ndege katika lugha ya mahali ni ushahidi kwamba watu walimwona, wakamtofautisha na mwenzake, wakaona anastahili neno lake, na ushahidi huo haumpeleki mtu mahakamani.

Babu amefariki. Kabla hajafa nilikwenda mara tatu na daftari, tukakaa nje, akanitajia ndege mmoja mmoja kwa Kihehe: jina, sauti, anakula nini, anajenga wapi, na kama nyama yake inafaa, maana hilo halikuweza kuachwa. Wengine nimeweza kuwalinganisha na picha za vitabuni. Wengine bado. Jina la yule “wa juu” ninalo, ila siliandiki hapa mpaka nilisikie kwa wazee wengine wa vijiji tofauti, kwa sababu neno moja linaweza kubeba ndege wawili, na shahidi mmoja hatoshi. Hilo nililijifunza kwa Wadenmark, na silioni aibu.

Kitu kimoja nilimwuliza mara ya mwisho: alipoona wamepungua, aliendelea kutega?

“Niliacha,” akasema.

“Kwa nini, babu?”

“Asubuhi moja nilikagua milango yote. Hamna kitu, hata unyoya. Nikaingoja siku ya pili. Hamna. Nikaung'oa ule ua, nikarudi na vijiti nyumbani, bibi yako akapikia.”

Sijui ilikuwa mwaka gani. Yeye hakuhesabu kwa miaka. Lakini katika daftari langu, kwenye ukurasa wa ndege yule, chini ya miguu ya manjano na mdomo mwekundu, nimeandika na hilo pia: siku aliyoangalia asimwone, akajua maana yake.